Kamera za mitumba: kule hotelini picha ilikuwa safi, kwangu ni mistari na ukungu. Tatizo liko wapi?

#1 Mama_Mbegu (Nakuru)

Hamjambo wadau. Nina agroveti hapa Free Area. Kuna hoteli ilikuwa inafunga, nikanunua kwao kamera nane pamoja na DVR (mashine ya kurekodia picha), hadi diski yake (ile hard disk ya kuhifadhia) na pawa saplai, vyote kwa elfu kumi na nne. Kabla ya kulipa nilisimama mbele ya skrini yao nikaangalia kamera moja baada ya nyingine. Picha ilikuwa safi, hata nambari ya gari lililoegeshwa uani ilisomeka.

Kijana wa mtaani akanifungia sita kati ya nane. Waya wa picha ni mpya, nilinunua roli nzima mjini. Waya wa umeme ni ule mwembamba wa rangi mbili. Sasa mambo ni haya. Kamera 1 ya kaunta inaonyesha watu lakini sura haitambuliki, ina ukungu mchana kutwa. Kamera 2 ya mlangoni ikipata jua inageuza kila kitu waridi, hadi miche niliyopanga nje inaonekana ya zambarau. Kamera 3 iko geti la nyuma, kama mita 40 kutoka kwa DVR. Mchana iko sawa, lakini giza likiingia inajaa mistari, inazima, inawaka, inazima tena. Kamera 6 ya stoo ya mbolea ina mistari mipana inayopanda polepole, usiku na mchana. 4 na 5 zinaonekana, ila ukivuta picha karibu unapata miraba mitupu.

Dawa za mifugo zinaibwa rafuni moja moja na hasara inaniuma, ndiyo maana niliingia gharama hii. Nianzie wapi?

#2 Mpita_Njia

Badilisha hadi diski. Ikichoka picha inaingia ukungu. Hapo umemaliza.

#3 KijanaSection58 (Nakuru)

Hapana mkuu. Picha unayoona moja kwa moja kwenye skrini haipitii kwa hadi diski. Diski ikichoka utaona rekodi zinakwama, zinaruka dakika, au DVR inalia lia. Haiwezi kuleta rangi ya waridi wala mistari ya kupanda.

Mama, swali moja kwanza: hiyo miraba ya 4 na 5 unaiona kwa skrini iliyounganishwa na DVR, kwa rekodi, au kwa simu? Hizo ni picha tatu tofauti. Simu kwa kawaida hupewa mkondo mdogo, yaani picha iliyoshushwa ubora, ili isimalize bando, na ule mkondo ukiuvuta karibu lazima uone miraba. Kuna mahali kwenye programu ya simu unabadilisha uende mkondo mkuu.

#4 Jakibuye (Kisumu)

Pole dada. Hiyo roli uliyonunua si ule waya mweupe wa dishi? Tafuta sumaku, hata ya spika mbovu. Chubua waya, gusisha uzi wa katikati. Ikinata, umeuziwa chuma kilichopakwa shaba. Hapo usitafute mchawi mwingine.

#5 Mama_Mbegu (Nakuru)

@KijanaSection58 naona kwa rekodi, kwenye skrini ya dukani. Simu bado sijaunganisha.

@Jakibuye ni mweupe, ndiyo. Nimejaribu sasa hivi na inanata.

#6 Jakibuye (Kisumu)

Basi. Hapa Kibuye naletewa shida hii kila mara. Ng'oa wote, weka waya wa shaba tupu.

#7 FundiLanet (Nakuru)

Pole pole omera, usimwingize mama wa watu kwenye gharama kabla hajapima kitu. Kamera 3 iko kwenye waya huo huo na mchana iko sawa. Kingekuwa ni chuma tu, mchana pia ingesumbua. Kinachobadilika usiku ni taa za infraredi za kamera, zile za kuonea gizani. Zikiwaka kamera inakula umeme maradufu au zaidi, na ule waya mwembamba wa rangi mbili hauwezi kuufikisha geti la nyuma.

Mama, azima multimita (kipima volti). Pima kwa kamera yenyewe, si kwa pawa saplai, na upime usiku taa zikiwa zimewaka. Ukikuta chini ya volti 11, tumeshampata mmoja. Halafu fungua lile boksi la pawa saplai uangalie kapasita (vile vikopo vidogo vilivyosimama kwenye ubao). Zikiwa zimevimba kichwani au zimetoa maji ya kahawia, usiendelee nayo.

#8 Mdau_Wa_Ahero

Na waya wa dishi ni omu (kipimo cha ukinzani) 50 wakati DVR inataka 75. Hiyo pekee inaharibu picha.

#9 Mwalimu_Njoro

Ndugu wa Ahero, waya wa dishi ni omu 75, sawa na unaotakiwa na kamera. Wa omu 50 ni ule wa redio za mawasiliano. Tatizo la waya wa dishi ni lile alilotaja Jakibuye, na sababu yake ni hii. Dishi hushusha mawimbi ya kati ya megahezi 950 na 2150. Katika kasi hiyo umeme hupita kwenye ngozi ya uzi tu, na ngozi ni shaba, kwa hiyo chuma kilicho ndani hakidhuru. Ishara ya kamera huanzia karibu na sifuri. Sehemu yake ya chini hupita uzi mzima hadi moyoni, na chuma kina ukinzani mara kadhaa kuliko shaba. Hapo ndipo picha hupoteza nguvu na kufifia.

Lakini FundiLanet naye ana hoja. Tukokotoe. Ule waya mwembamba mara nyingi una milimita za mraba 0.22. Shaba yenye milimita moja ya mraba ina omu 0.0175 kwa kila mita. Umeme unaenda na kurudi, kwa hiyo mita 40 ni mita 80 za waya. 80 × 0.0175 ÷ 0.22 inatupa omu 6.4 hivi. Kamera ikila ampea 0.15 mchana, inapoteza volti moja na kubaki na 11. Usiku ikifika ampea 0.4, inapoteza volti 2.5 na kubaki na 9.5. Kamera inazima, mzigo unaondoka, volti zinapanda, inawaka, taa zinawaka, volti zinaanguka tena. Ndiyo ile zima-washa anayoieleza Mama.

Waya wa milimita 0.75 kwa umbali huo huo ungepoteza volti 0.75 tu. Na ikiwa ule mwembamba ni aluminiamu iliyopakwa shaba, hesabu yangu ni ya huruma. Hali ni mbaya zaidi.

#10 FundiLanet (Nakuru)

Asante mwalimu. Wanafunzi wako wana bahati.

#11 Jakibuye (Kisumu)

Mwalimu amenigawia nusu na Lanet nusu, kama mzee wa kijiji. Kamera 3 nawaachia watu wa Nakuru. Kamera 1 iko ndani ya duka, haina mita 40, na ina ukungu mchana. Pawa ya mchana ina makosa gani hapo?

#12 Webuye_Spana

Mimi nimevutwa na kamera 6. Mistari mipana inayopanda polepole bila kujali saa ni umeme wa nyumba unaovuja kuingia kwenye picha. Stima yetu ni hezi 50, na kamera za huku huchora picha 25 au 50 kwa sekunde. Namba hizo zinakaribiana bila kulingana kabisa, ndiyo maana mstari unatembea pole pole. DVR yako ina ardhi (earth, njia ya umeme kwenda udongoni) kupitia plagi ya pini tatu. Kamera ikiwa na mwili wa chuma na imefungwa kwa skrubu kwenye mabati au nguzo ya chuma, nayo ina ardhi yake. Ardhi hizo mbili hazina volti sawa, kwa hiyo mkondo mdogo wa umeme unapita kwenye koti la waya wa picha.

Stoo ya mbolea ni ya mabati? Na kamera hiyo inapata umeme wapi?

#13 Mama_Mbegu (Nakuru)

Ni mabati, na kamera imefungwa kwenye fremu ya chuma. Umeme ina adapta yake peke yake, kwenye soketi ya huko huko stoo. Kijana alisema ameokoa waya.

#14 Webuye_Spana

Nilijua. Ifungue skrubu, iache ining'inie bila kugusa chuma, halafu angalia skrini. Mistari ikiondoka, weka kipande cha mbao au plastiki kati ya kamera na fremu. Angalia pia kichwa cha BNC (kile cha chuma mwishoni mwa waya wa picha) kisiwe kinagusa mabati mahali popote njiani.

#15 Mpita_Njia

Njia rahisi ni kukata ile pini ya ardhi kwa plagi ya DVR. Mistari inaisha papo hapo.

#16 Webuye_Spana

Mama, TAFADHALI usifanye hivyo. Ile pini ndiyo inayokulinda siku hitilafu ikipeleka volti 240 kwenye bati la DVR. Ukiikata, ardhi inayobaki ni wewe unayeishika. Kuna kifaa kidogo cha kutenganisha ardhi kinachoingia kati ya waya na DVR, mafundi wa kamera wanacho. Picha mbovu ina dawa, stima haina.

#17 DadaDunga (Kisumu)

Habarini. Nina vyumba vya wageni karibu na ufuo wa Dunga na kamera zangu pia ni za mitumba. Kuhusu ukungu wa kamera 1, kabla ya waya wala pawa, toa kile kikombe cha plastiki cha mbele uangalie picha bila hicho. Kamera iliyokaa juani miaka mingi kikombe chake kinakuwa cha manjano na kinapata mikwaruzo midogo kwa sababu kila mfanyakazi anakipangusa na kitambaa chenye vumbi. Mimi nilinunua vikombe vipya tu na nusu ya kamera zangu zikapona. Kuna mwenzangu alisugua chake kwa dawa ya meno kikang'aa. Mwingine akafanya hivyo hivyo akakiharibu zaidi.

Usiku kuna jambo lingine. Ndani ya kikombe huwa kuna pete ya sponji inayozunguka lenzi. Ikipotea wakati wa kung'oa, mwanga wa infraredi unagonga kikombe na kurudi kwenye lenzi, na picha yote inageuka nyeupe. Kamera ikifungwa karibu sana na ukuta mweupe au gata, inatokea hivyo hivyo.

Halafu huku kwetu kuna wale wadudu wa ziwa. Wakija jioni wanaifunika kamera yote, asubuhi ni buibui. Infraredi inawavuta sana.

#18 Mwalimu_Njoro

Dada wa Dunga, umesema vizuri yote isipokuwa hapo mwisho. Wadudu wengi hawauoni mwanga wa infraredi, wao huvutwa zaidi na ule wa buluu na urujuanimno. Kinachowaleta ni balbu nyeupe ya ulinzi iliyo karibu na kamera. Buibui hufuata wadudu. Sogeza balbu mita chache kutoka kwa kamera na utaona tofauti.

#19 DadaDunga (Kisumu)

Balbu iko juu yake kabisa. Nitaisogeza. Asante mwalimu.

#20 KijanaSection58 (Nakuru)

Narudi kwa miraba ya 4 na 5. Mama, ingia kwenye menyu ya DVR, mahali pa kurekodi, na uniandikie yaliyomo: ukubwa wa picha, picha kwa sekunde, na kilobiti (kiasi cha data kinachoandikwa kwa sekunde). Mwenye mali ya kwanza mara nyingi hushusha kila kitu ili hadi diski ikae na rekodi za mwezi mzima.

#21 Mama_Mbegu (Nakuru)

Ukubwa: 1080N. Picha kwa sekunde: 8. Kilobiti: 512.

#22 KijanaSection58 (Nakuru)

Hiyo hapo. 1080 kamili ni pikseli (nukta za picha) 1920 kwa 1080. Hiyo yenye N ni 960 kwa 1080, upana umekatwa nusu na skrini inauvuta tena ionekane sawa. Na kilobiti 512 kwa ukubwa huo ni kidogo sana. Kitu kikitembea, DVR inakosa nafasi ya kuandika undani wake, inaandika miraba. Panda hadi 2048 kama menyu inakubali. Rekodi zitachukua nafasi zaidi, kwa hiyo badala ya mwezi utakuwa na siku chache za nyuma, lakini za kuonekana. Jaribu pia kama inakubali 1080 bila N. DVR nyingi za bei nafuu zinakataa.

Na angalia skrini. Kama umeunganisha kwa waya wa VGA na DVR inatoa 1024 kwa 768, hata kamera nzuri itaonekana imelegea.

#23 Mwalimu_Njoro

Hapa kuna jambo linalonigusa, kwa sababu watu wanalaumu kamera kwa kosa la hesabu. Kiwango kinachotumiwa na wataalamu wa kamera za ulinzi ni pikseli 250 kwa kila mita ya upana ili umtambue mtu usiyemjua, na 125 ili umtambue unayemfahamu. Kamera yenye lenzi ya milimita 2.8 huona upana wa mita 9 hivi ikiwa umbali ni mita 5. Gawanya 960 kwa 9: unapata pikseli 107 kwa mita. Haifiki hata kile kiwango cha pili, lenzi iwe safi namna gani.

Kwa hiyo Mama, kamera 1 inaweza kuwa nzima kabisa. Ishushe kutoka darini, iwe mita 2 kutoka uso wa mteja na iangalie kaunta peke yake. Ama tafuta lenzi ya milimita 6 au 8. Utaona eneo dogo lakini utaona mtu.

#24 Jakibuye (Kisumu)

Mwalimu, hesabu naiheshimu. Lakini Mama amesema hotelini alisoma nambari ya gari. DVR ni hiyo hiyo, kamera ni hizo hizo, na hiyo N ilikuwepo. Kilichobadilika ni waya.

#25 FundiLanet (Nakuru)

Na mahali, na pawa ya kamera 6, na mikono ya yule kijana. Lenzi ndogo zile zimefungwa kwa uzi wa skrubu. Ukizungusha kikombe vibaya au ukaishika lenzi wakati wa kuelekeza, inasogea robo mzunguko na picha inalegea. Huwa na tone la gundi la kuishikilia. Gundi ikiwa imepasuka, mtu aliigusa.

Pia hatujui kama ile ya nambari ya gari ndiyo kamera 1. Pengine iko kati ya mbili ambazo bado ziko kwenye katoni.

#26 Mama_Mbegu (Nakuru)

Hiyo ya mwisho sikuwa nimeifikiria. Nitafungua katoni.

#27 Omwami_Kakamega

Mnasahau radi. Huku Kakamega mvua ya alasiri haiji bila radi. Niliwahi kuwa na DVR ya mkono wa pili ambayo tundu mbili zilikuwa zimepigwa kabla sijainunua. Hazikufa kabisa, zilileta picha hafifu yenye vumbi vumbi. Fundi alinibadilishia kamera bila mafanikio. Nilipohamisha waya kwenda tundu jirani, picha ikarudi safi. Mama, badilisha tundu: peleka waya wa kamera 5 kwenye tundu la kamera 1 na kinyume chake. Ukungu ukihama na kamera, DVR haina kosa. Ukibaki kwenye tundu, DVR ndiyo mgonjwa.

#28 Fundi_Bungoma

Hakuna aliyegusa kamera 2. Rangi ya waridi mchana ni kile kichujio kidogo cha infraredi kilicho kati ya lenzi na kihisi (kipande kinachonasa picha). Mchana kinatakiwa kukaa mbele ya kihisi, usiku kinasogea pembeni. Kimekwama pembeni. Funika kamera kwa kiganja, subiri, toa mkono, sikiliza. Ukisikia "tik" kinajaribu. Usiposikia kitu, mota yake imekufa au haipati volti za kutosha. Kwa hiyo pima pawa hapo pia kabla ya kuitupa. Wakati mwingine kugonga kidogo kwa kidole kunaiachilia, ila hurudia.

Na kwa wanaonunua mitumba kwa ujumla: kamera za waya za siku hizi zina lugha kadhaa, AHD, TVI, CVI na ile ya zamani ya CVBS. Kamera ikiongea moja na DVR inasikia nyingine, unapata giza, au picha ya kijivu inayoviringika. Kamera nyingi zina kijiti kidogo kwenye mkia wa waya. Ukikishikilia upande mmoja kwa sekunde tano hivi, lugha inabadilika. Angalieni pia PAL na NTSC, mifumo miwili ya picha. Zilizotoka Marekani ni NTSC, picha 30 kwa sekunde, na chini ya taa za tyubu zinazotumia stima ya hezi 50 zinapepesa.

#29 KijanaSection58 (Nakuru)

Fundi, hapo umenifungua macho kuhusu kamera 6. Stoo ina taa za tyubu? Pengine mistari yote ni hizo taa, ardhi haihusiki.

#30 Webuye_Spana

Amesema usiku na mchana.

#31 KijanaSection58 (Nakuru)

Stoo ya mabati isiyo na dirisha, taa inawaka mchana pia. Mama atuambie.

#32 Mzee_Molo

Salaam kwenu vijana. Nimefanya kazi ya ulinzi miaka mingi, naomba niongeze mambo ambayo hayahusu waya.

Mama, ulipewa risiti? Vifaa vya aina hii huibwa sana. Kupokea mali huku ukijua au ukiwa na sababu ya kuamini ni ya wizi ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, hata kama wewe ulilipa pesa zako. Karatasi yenye tarehe, nambari za vifaa na sahihi ya muuzaji itakulinda.

La pili, hadi diski hiyo bado ina picha za wageni wa hoteli. Hao ni watu waliolala pale wakiamini faragha yao. Ifute yote kabla ya kuendelea. La tatu, tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, picha ya mtu anayetambulika ni data yake. Weka bango mlangoni la kusema kuna kamera, na geti la nyuma lisiangalie dirisha la jirani.

#33 Mama_Mbegu (Nakuru)

Asante sana mzee. Risiti ninayo ya jumla, nambari za vifaa hazimo. Nitarudi kwao waziandike. Diski nitaifuta leo.

#34 KijanaSection58 (Nakuru)

Na ubadilishe neno la siri kabla hujaiunganisha na intaneti. Mwaka 2016 programu haribifu iliyoitwa Mirai iliteka kamera na DVR nyingi duniani kwa kujaribu tu maneno ya siri ya kiwandani. DVR ya zamani ambayo haipati masasisho, mimi naiacha isiguse intaneti kabisa.

#35 Mdau_Wa_Ahero

Kwa nini asiuze hizi zote anunue za IP (kamera za mtandao)? Waya mmoja wa mtandao unabeba umeme na picha, mistari inaisha.

#36 FundiLanet (Nakuru)

Na nani atalipa? Mama amelipa elfu kumi na nne kwa seti nzima. Hata hizo za IP ukizifunga kwa waya wa aluminiamu zitakusumbua. Tumsaidie na alivyo navyo.

#37 Mama_Mbegu (Nakuru)

Nimerudi na majibu, nimeshinda kwenye ngazi.

Kamera 3: usiku taa zikiwa zimewaka, multimita inasoma 9.3. Tuliibeba betri ya sola hadi getini tukaiunganisha hapo hapo. Zima-washa imeisha na mistari imeisha. Lakini picha bado imelegea kuliko nilivyoiona hotelini, na rangi zimefifia.

Kamera 2: nimesikia tik. Rangi ilirudi ya kawaida, baada ya saa moja ikawa waridi tena. Volti hapo ni 11.6.

Kamera 1: tumeileta kando ya DVR kwa kipande kifupi cha waya. Ukungu upo. Nimetoa kikombe, umepungua sana lakini haujaisha. Nimehamisha tundu, haikubadilika.

Kamera 6: tuliiunganisha na betri ikiwa bado kwenye fremu. Mistari imekuwa myembamba, haijaondoka. Taa za tyubu zipo, ndiyo, na zinawaka mchana kutwa. Mvua ilianza kabla sijaifungua skrubu.

Nimepandisha kilobiti hadi 2048. 1080 bila N imekataa. Miraba ya 4 na 5 imepungua.

#38 FundiLanet (Nakuru)

9.3! Mwalimu alikokotoa 9.5 bila kutoka Njoro. Kamera 3 ilikuwa pawa.

#39 Jakibuye (Kisumu)

Soma mpaka mwisho ndugu yangu. "Bado imelegea na rangi zimefifia." Hiyo ni mita 40 za chuma.

#40 DadaDunga (Kisumu)

Kamera 1 mulika lenzi kwa tochi ukiwa upande. Ukiona nyuzi nyuzi kama za utando ndani ya kioo, ni kuvu. Hapo kupangusa nje hakusaidii, badilisha lenzi. Ukishaifungua weka ndani zile pakiti ndogo za kukausha unyevu zinazokuja na viatu.

#41 FundiLanet (Nakuru)

Au lenzi imesogea, nilivyosema. Angalia lile tone la gundi kwanza, halafu uizungushe kidogo sana huku mtu akiangalia skrini.

#42 Webuye_Spana

Kamera 6 betri imepunguza mistari kwa sababu imeondoa adapta. Iliyobaki inapita kwa fremu. Nina uhakika.

#43 KijanaSection58 (Nakuru)

Au iliyobaki ni taa. Kuzima taa hakuhitaji ngazi, Mama. Zima uangalie skrini.

#44 Mama_Mbegu (Nakuru)

Stima imepotea huku tangu mvua ianze, kwa hiyo taa zitasubiri. Ila nimepigiwa simu na mlinzi wa ile hoteli. Wanabomoa dari Jumamosi na amesema waya za zamani za kamera naweza kuzichukua. Nyeusi, nene kuliko zangu. Zinafaa?

#45 Jakibuye (Kisumu)

Nenda na sumaku. Isiponata, chukua zote, hata vipande.

#46 FundiLanet (Nakuru)

Hapo nakubaliana na mtu wa Kisumu. Msizivute kwa nguvu kutoka darini, koti la ndani linachanika bila kuonekana nje. Kateni vichwa vyote vya zamani mfunge vipya, na mahali popote palipoingia maji mtaona shaba imegeuka kijani. Kateni hadi mfike inapong'aa. Na uliza kama ule waya wa umeme ulikuwa pamoja nao, kwa sababu kamera 3 inahitaji waya mnene zaidi kuliko zote.